Juu ya Kuchagua Kurunzi ya Safari



Likizo ya mwezi wa Juni yakaribia, na katika sharika nyingi za mji huu wa Dar es Salaam vijana wanajitayarisha kwenda kupiga kambi. Wengine watakwenda Pugu, ambako si mbali. Wengine watapanda milima ya Uluguru, juu ya Morogoro, walale katika mahema siku tatu au nne. Na wachache wenye nguvu na fedha watakwenda kuujaribu Kilimanjaro. Wazazi wamekwisha kuulizana habari za chakula na mablanketi na nauli. Lakini jambo moja huachwa hata jioni ya mwisho, ndipo mama humpa kijana fedha kidogo akamwambia, "Pita Kariakoo ukanunue tochi." Naye kijana hupita, hununua ya kwanza aionayo, akakimbilia basi. Juu ya tochi hiyo, ambayo wazee wa pwani huiita kurunzi, nataka kusema nanyi mwezi huu.

Huenda mtu akauliza, "Je, mchungaji hana neno kubwa zaidi ya hilo?" Namjibu kwamba Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kufundisha kwa habari za taa na mafuta. Mwaujua mfano wa wanawali kumi, ulioandikwa katika Mathayo mlango wa 25. Wote kumi walikuwa na taa, wote kumi walisinzia; hapo hapana tofauti kati yao. Tofauti ilikuwa katika vyombo vidogo vya mafuta, ambavyo watano walivichukua na watano hawakuvichukua. Tena angalieni saa yenyewe. Wale wapumbavu walikwenda kutafuta mafuta usiku wa manane, na duka lilikuwapo tangu asubuhi. Nasi duka tunalo, na mchana tunao. Tena ni duka kubwa kupita maduka yote ya nchi hii.

Maana Kariakoo, kama mjuavyo, jina lake lenyewe latokana na kambi. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, walikusanya hapo wapagazi wa vita, na jeshi hilo la wapagazi kwa lugha yao liliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikaligeuza jina likawa Kariakoo. Watu wale walichukua mizigo ya wengine vichwani, wakalala walipoambiwa kulala, na wengi wao hawakurudi makwao. Leo mahali pale pale vijana wetu wanunua vitu vya kambi ya furaha. Ni vema mtu apitapo Mtaa wa Congo na Msimbazi, akisukumwa huku na huku, awakumbuke walau mara moja.

Sasa tuitazame kurunzi yenyewe. Nchi yetu i karibu na Ikweta. Jua likizama, giza huingia upesi, wala hatuna jioni ndefu kama watu wa Ulaya. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kijana aliyezaliwa Ilala au Magomeni hajui giza ni nini, maana hata umeme ukikatika bado taa za magari na za maduka zipo. Huko Uluguru, ukungu ukishuka juu ya mahema, ataujua usiku jinsi ulivyo. Atataka kwenda chooni, na njiani pana mizizi, na mawe yenye utelezi, na pengine nyoka. Baba zetu walikwenda na fanusi au chemli, lakini ndani ya hema taa ya moto haifai kabisa. Kitambaa cha hema huwaka kwa dakika chache, na moto katika mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huwaua watu usingizini. Viongozi wa kambi, neno hili lishikeni sana: taa ya mafuta, mshumaa na jiko la mkaa visiingie ndani ya hema hata kama mvua yanyesha.

Basi kurunzi ndiyo taa ya hema. Si kitu cha kale sana. Jiwe kavu, yaani betri isiyo na maji ya kumwagika, lilipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1886 kwa daktari mmoja Mjerumani, Carl Gassner. Naye alifanya kikombe cha zinki kiwe chombo cha jiwe na papo hapo kiwe sehemu ya kazi yake. Kurunzi ya kushikwa mkononi ilipata hati yake Marekani mwaka 1899. Mawe ya siku zile yalikuwa dhaifu, na taa haikuweza kuwaka mfululizo. Mtu aliiwasha kidogo, akaizima, akaiwasha tena, na kwa hiyo Wamarekani wakaipa jina la taa ya kumweka. Wazee wa mji huu wakumbuka mawe ya National, yaliyotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita, na kurunzi ndefu za bati zilizochukua mawe makubwa mawili au matatu. Globu yake ilikuwa na uzi mwembamba, ukiiangusha mara moja imekufa. Taa za sasa hazina uzi. Zina chembe ndogo iitwayo LED, na wataalamu watatu wa asili ya Japani waliowezesha mwanga mweupe wa namna hii walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Chembe hiyo hula umeme kidogo na hudumu miaka mingi. Kwa kweli ni baraka, wala sioni haya kuiita hivyo.

Lakini pamoja na baraka hiyo umekuja uongo mwingi, nao umeandikwa juu ya kifurushi.

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho lumeni. Kwa kurunzi ya hema na njia ya karibu, lumeni 50 hata 100 zatosha sana. Kwa kusoma na kupanga vitu ndani ya hema, lumeni 5 au 10 hazina upungufu. Nanyi nendeni Kariakoo mkasome vifurushi. Mtaona kurunzi ndogo kama kidole gumba imeandikwa lumeni 20,000, na nyingine 50,000. Ndani yake mna betri moja ya litiamu ya namna iitwayo 18650, kwa kuwa upana wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65, na juu ya betri hiyo pameandikwa miliampea 9,900.

Haya, tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Betri ya ukubwa ule, hata iliyofanywa kwa uaminifu na viwanda vilivyo bora, huchukua kama miliampea 3,500 au kuzidi kidogo. Nguvu yote iliyomo yatosha kutoa wati 12 hivi kwa muda wa saa 1. Taa njema ya LED hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati 1. Basi anayetaka lumeni 50,000 ahitaji wati 500. Mgawanyie wati hizo ile nguvu iliyomo: betri itakwisha kabla ya dakika 2, na kabla ya kwisha mkono ungekuwa umeungua, kwa maana joto lake ni kama la pasi. Kwa hiyo yaliyoandikwa hayawezi kuwa kweli, wala haihitaji fundi kuyajua. Mtoto wa shule awezaye kugawanya aweza kuyajua.

Iko na njia nyingine ya kuijua betri ya uongo, nayo ni mizani. Betri ya kweli ya namna ile ina uzito wa gramu 45 hata 50. Zile za uongo mara nyingi ni nyepesi mno, kwa kuwa ndani mna kibetri kidogo na nafasi tupu. Kariakoo haikosi mizani. Wauza viungo wanayo, na wenye vito na dhahabu wanayo. Si aibu kuomba kupimiwa.

Nalisimama mbele ya meza ya kijana mmoja aliyeuza vitu hivi. Akanipokea kwa adabu, akasema, "Karibu, baba. Chukua hii, mwanga wake wafika mpaka Kigamboni!"

Nikamwuliza, "Mwanangu, ukiiwasha sasa itakaa saa ngapi?"

Akaigeuza mkononi, akacheka kidogo, akasema, "Baba, tangu nianze kazi hii hakuna aliyeniuliza hivyo. Wote huuliza inafika wapi."

Neno lile nimelichukua nami tangu siku ile. Watu huuliza mwanga wafika wapi, wala hawaulizi utakaa hata lini. Wanawali wale watano nao walikuwa na taa zenye kung'aa sana mwanzo wa usiku.

Hapo nataka kusema na ninyi mnaouza, maana najua wako kati yenu wasomao karatasi hii nyuma ya meza, wakingojea mteja. Mmoja wenu, mwenye fremu yake huko huko, aliniletea swali gumu, nami sitalifanya jepesi. Alisema hivi: "Mchungaji, mzigo naupokea ukiwa na maandishi yake. Mimi sikuyaandika. Jirani yangu auza vivyo hivyo. Nikimwambia mteja kwamba lumeni hizi si kweli, atavuka kwa jirani, na jioni kodi ya fremu itanidai. Je, nifunge duka?"

Nabii Amosi, katika mlango wa 8, aliwakemea wafanya biashara wa Israeli waliongojea sabato ipite ili warudi kupunguza kipimo, na kuongeza bei, na kuzipotosha mizani. Watu wale walikwenda ibadani, hawakuwa wapagani. Kosa lao lilikuwa kuidhania ibada kuwa jambo moja na mizani jambo lingine. Siku hizi mizani iliyopotoshwa yaweza kuwa namba iliyopigwa chapa juu ya karatasi ya rangi, tena imepigwa chapa mbali, na mkono wako haukuigusa. Lakini mdomo wako ni wako. Yeye asemaye "yafika Kigamboni" amekwisha kuitia sahihi yake chini ya namba ile.

Sikumwambia afunge duka. Nalimwambia mambo mawili yaliyo katika uwezo wake. La kwanza, mteja akiuliza, amjibu aliyoyaona kwa macho yake: hii nimeiwasha nyumbani, imekaa saa kadha wa kadha, hii sijaijaribu. La pili, aagizapo mzigo mwingine, aulize kabla ya kulipa, achukue kidogo kidogo, na aache namna ile aijuayo kuwa ni uongo mtupu. Faida itapungua kwa muda, sikumficha hilo. Tena serikali nayo ina sheria zake: Shirika la Viwango, TBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani hushughulika na bidhaa bandia. Mwenye kuuza bandia kwa kujua hawezi kujitetea kwamba jirani naye auza.

Wala wanunuzi wasifurahi kwamba neno hili limewapita. Ni nani aliyemfundisha mwenye kiwanda kuandika 50,000? Ni sisi, tuliokataa kununua iliyoandikwa 100. Twataka namba kubwa kwa fedha ndogo, kisha twalia kwamba tumedanganywa. Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; mimi sikubali methali hiyo kwa habari ya wamachinga, maana nimeona vitu vizuri mikononi mwao na vibaya vikikaa katika kabati la kioo. Kitu hujaribiwa chenyewe, popote kilipo.

Basi, ijaribuni hivi. Usinunue jioni ya safari. Nunua juma moja kabla. Omba muuzaji atie betri na kuiwasha. Izibe kwa kiganja uone kama mwanga watulia au wachezacheza. Itikise. Fungua kifuniko cha nyuma, utazame kama uzi wa parafujo umekatwa vizuri na kama pana pete ya mpira ya kuzuia maji. Kifurushi kikiandikwa IPX4, maana yake yastahimili matone ya mvua. Kikiandikwa IPX7, yastahimili kuzama majini kimo cha mita 1 kwa dakika 30. Hayo nayo yaweza kuwa ya uongo, na pete ya mpira ndiyo shahidi. Kisha ukifika nyumbani, usiku mmoja iwashe, iache, utazame saa. Fanya hivyo hata kama watu wa nyumbani watakucheka.

Mkiniuliza ni namna gani niipendayo kwa kambi ya siku tatu, nitasema ile ndogo ichukuayo jiwe moja au mawili ya AA, yale membamba ya redio, nayo iwe na mwanga wa namna mbili, mdogo na mkubwa. Jiwe moja jema la alkali laweza kutoa lumeni 100 kwa saa 2 au zaidi kidogo, lakini ukitumia lumeni 20 litakaa kupita saa 10. Kambi ya usiku watatu, ukiiwasha saa 3 kila usiku, ni saa 9. Haya, jiwe moja latosha, na la pili liwe la akiba, ndiyo kile chombo cha mafuta. Mawe ya AA hupatikana hata katika kibanda cha kijijini. Kurunzi ya kuchajiwa ni nzuri kwa mtu akaaye penye umeme, na kwa mwaka mzima ni rahisi zaidi. Lakini mlimani ikizimika, imezimika, isipokuwa betri yake yaweza kutolewa na kutiwa nyingine. Simu nayo haihesabiwi kuwa kurunzi. Simu itunzwe kwa kuita msaada.

Taa ya kufungwa kichwani naisifu kuliko zote kwa mpishi na kwa asimamishaye hema gizani, kwa sababu mikono yote miwili hubaki huru. Waendao Kilimanjaro wasiende bila hiyo. Huko safari ya mwisho huanza karibu na saa sita ya usiku, wapate kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, panapopambazuka. Na baridi ni kali chini ya kuganda kwa maji. Baridi hulidhoofisha jiwe la kawaida, hata mtu hudhani limekwisha. Mawe ya akiba yawekwe katika mfuko wa ndani karibu na mwili, na kwa mlima ule mawe ya litiamu ndiyo yafaayo.

Juu ya mawe, neno fupi. Tiger Head ya Guangzhou yajulikana sana, na kwa kuwa yajulikana, wako wanaoiiga. Tazama chapa kama imechapwa safi na herufi zimekaa sawa. Usichanganye jiwe jipya na la zamani katika kurunzi moja, maana la zamani humchosha mwenzake na kuvuja. Kile kikombe cha zinki nilichokitaja huliwa kadiri jiwe lifanyapo kazi. Kikitoboka, maji yake ya chumvi hutoka na kuila kurunzi yote. Kwa hiyo safari ikiisha toa mawe, usiyaache ndani mpaka mwaka ujao. Na mfukoni, wakati wa kupanda basi, legeza kifuniko cha nyuma kidogo, au geuza jiwe moja, isije ikajiwasha yenyewe ndani ya nguo ukafika Morogoro na kurunzi iliyokufa.

Vijana, mnakumbuka Gideoni katika Waamuzi mlango wa 7, jinsi watu wake 300 walivyoificha mienge ndani ya mitungi hata saa ilipofika. Na ninyi fanyeni hivyo. Macho ya mwanadamu huhitaji kama nusu saa gizani ndipo yaone vizuri, na mwanga mkali wa mara moja huyaharibu tena. Kumulika mwenzako usoni ni utovu wa adabu, na njiani ni hatari. Zielekezeni chini, miguuni. Zile zenye mwanga mwekundu zafaa sana hapo, maana haziyapofushi macho. Wa mbele na wa nyuma katika mstari wawashe. Wa katikati wazime, waziweke akiba zao.

Wainjilisti na viongozi, siku mbili kabla ya kuondoka wakusanyeni vijana penye giza, kila mmoja awashe ya kwake. Asiyekuwa nayo asiaibishwe mbele ya wenzake. Usharika ununue tatu au nne za akiba, zipewe kimya kimya. Na siku ya kurudi, mawe yote yaliyokwisha yasitupwe motoni, hasa ya litiamu, ambayo hupasuka, wala yasifukiwe karibu na kijito, kwa kuwa maji yale yatokayo Uluguru huingia mto Ruvu, nao ndio tunaokunywa sisi hapa Dar es Salaam. Kiongozi ayahesabu kabla ya kushuka, ayatie katika mfuko mmoja, ayarudishe mjini.